Taa za Nyuma za Wifi

Kazi yangu ni kupiga simu na kutukanwa. Pale karakana wananiita Dada Simu. Tangu kiwanda kitangaze kwamba yale magari madogo ya familia yana kasoro ya taa za breki, nimekaa kwenye meza ya mapokezi nikiwapigia wenye magari mmoja baada ya mwingine: leteni gari, tunabadilisha swichi, hulipi chochote. Ungedhani watashukuru. Thubutu! "Mnataka kuniibia injini." "Mmekosa wateja sasa mnatisha watu." Mmoja aliniuliza kama mama yangu anaijua kazi ninayofanya. Nikamwambia anaijua, na mama yake yeye atakuja kuijua siku akipigiwa simu ya msiba. Meneja alinionya kwa hilo, lakini sijutii.

Kasoro yenyewe nilielezwa na fundi wetu wa umeme, mzee mmoja mkorofi tunayemwita Koleo. Juu ya kanyagio la breki kuna kiswichi kidogo. Ukikanyaga, kiswichi kinaziwasha taa nyekundu za nyuma. Sasa, viswichi vya magari haya ni vibovu: vikiwa baridi vinafanya kazi vizuri kabisa, lakini gari likitembea kidogo, vikapata joto, vinakata. Wewe unakanyaga breki, gari linapunguza mwendo, nyuma kimya. Anayekufuata hana habari mpaka akuingie. Na ile taa ya onyo kwenye dashibodi, ambayo ingemwambia dereva, inategemea kiswichi hichohicho, kwa hiyo nayo imelala.

"Ndiyo maana hawakuamini," Koleo aliniambia. "Mtu anawasha gari asubuhi, anamwita jirani amwangalizie, taa zinawaka. Anajua wewe ndiye mwongo."

Siku moja nikiendelea kupiga simu hizo, kompyuta ikaniletea namba ya gari ambayo sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Gari jeupe. La kwangu.

Gari hilo tulilinunua mimi na mume wangu tukiwa bado tunakula sahani moja. Tulipoachana, mtoto wetu alibaki kwa baba yake siku za shule, maana shule iko upande ule, na mimi nikapewa Jumamosi na Jumapili. Gari likabaki hukohuko, akakabidhiwa dada yake awe anampeleka mtoto shule. Huyo dada ndiye aliyekuwa wifi yangu. Na mimi, kwa hasira zangu, nilisimama sebuleni kwao mbele ya ukoo mzima nikasema, "Hilo gari nitalichukua, mtake msitake." Ulimi hauna mfupa.

Mwanangu tunamwita Kiduchu. Anakaa kiti cha nyuma, kwa sababu watoto wanakaa nyuma, ndiko salama. Nyuma! Nikampigia wifi.

"Unataka nini?" akajibu.

"Salama, na wewe? Napiga kutoka kazini. Hilo gari lina kasoro ya taa za breki. Lilete leo, watalitengeneza ukiwa umekaa hapohapo."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Hee! Umeanza. Nililete kwenu, mfunge geti, halafu niambiwe mwenyewe ni wewe. Mimi si mtoto wa juzi."

"Basi lipeleke kwa fundi mwingine."

"Mafundi wote mnajuana."

"Wifi, humo anapanda mwanangu."

"Mwanao? Tangu atoke mikononi mwako ndiyo kwanza ananenepa."

Hapo niliyatoa maneno ambayo meneja, aliyekuwa akipita na kikombe chake, alisimama kabisa kuyasikiliza. Wifi akakata simu.

Nikampigia baba Kiduchu. Huyo naye ndiye mwanamume aliyekaa na choo cha giza akisubiri balbu ijibadilishe yenyewe.

"Mama Kiduchu, mimi simo," alisema. "Hata hivyo dada amezijaribu taa mbele ya macho yangu. Zinawaka zote."

"Zinawaka kwa sababu gari ni baridi! Likipata joto zinazima!"

"Taa gani hiyo ina baridi na joto? Ni uji?"

Kumpigia mbuzi gitaa ni afadhali, mbuzi atakutazama angalau. Nilitupa simu mezani. Jamani, nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawa yanapiga kelele, na chini ya ile hasira nilikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyonifanya nisikae.

Kesho yake asubuhi nikawasha kigari changu kikuukuu, nikaegesha karibu na kwao. Wakatoka. Pale kwenye kona ya kwanza wifi alikanyaga breki, taa zikawaka, nyekundu safi. Nikaanza kujiona mjinga. Kisha tukafika kwenye mteremko mrefu unaoshuka mpaka mjini, ule ambao malori ya mchanga hushuka nao. Wifi akapunguza mwendo. Taa hazikuwaka. Akapunguza tena, nikawa karibu kumgonga mimi ninayejua. Nyuma kwake palikuwa peusi tupu, na juu ya kiti nilikiona kichwa cha mwanangu kikicheza huku na huku, anaimba sijui nini. Nyuma yangu lori lilikuwa linanguruma.

Nikawasha taa zangu za dharura, zote mbili zikawa zinapepesa, nikajibana hapo katikati ya lori na mwanangu mpaka getini shuleni.

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Kila asubuhi ya shule, mvua au jua, wifi mbele, mimi nyuma na taa zinapepesa, malori yananipigia honi, madereva wananitukana kwa mama na baba. Nimekuwa taa za nyuma za mtu asiyetaka hata salamu yangu! Kiduchu aligeuka akaniona, akafurahi, akawa ananipungia mkono kupitia kioo. Wifi naye akaniona. Akanitumia ujumbe: "Acha kutufuata, kichaa wewe."

Jioni yake baba Kiduchu akapiga simu. Safari hii alikuwamo.

"Dada anasema unamtisha barabarani. Ukiendelea nakwenda ustawi wa jamii. Hizo Jumamosi zako utazisikia redioni."

"Kaa nyuma ya hilo gari siku moja tu. Moja!"

"Nina kazi zangu."

Nikamwendea trafiki wa pale mzunguko wa shule, mtu mwenye tumbo na heshima zake. Nikamweleza yote. Akakubali, akalisimamisha gari la wifi. Nikasema leo kumekucha. Lakini wifi ana mdomo kama cherehani. Akazima gari, akashuka, akaanza: mimi ni nani, nilimfanya nini kaka yake, nilisema nini sebuleni, nilivyokuja na viatu kwenye zulia. Trafiki anasikiliza, mimi naangalia boneti likipoa. Nikasema, "Afande, mwambie akanyage sasa hivi." Akasema, "Mama, subiri amalize." Alipomaliza, akakanyaga. Taa zikawaka kama pilipili iliyoiva.

Trafiki akanitazama kwa huruma, jambo ambalo nalichukia kuliko matusi. "Mambo ya nyumbani," akasema, "myamalizie nyumbani."

Wifi alipanda gari akitabasamu.

Asubuhi iliyofuata, katikati ya mteremko, mbuzi alikatiza barabara. Wifi akafunga breki bila dalili yoyote. Nami nikafunga. Lori nyuma yangu likalia matairi, likapinda, likapita ubavuni kwangu likaondoka na kioo changu cha pembeni. Dereva wake alitoa kichwa akanipigia kelele nijifunze kuendesha. Mbele, Kiduchu alikuwa bado ananipungia mkono. Mimi nilikuwa nimeushika usukani kwa mikono yote miwili, sikumrudishia.

Nilifika kazini nimechelewa tena, na meneja akaniambia safari nyingine nikichelewa nisihangaike kuja. Nikaenda nyuma kwa Koleo, nikakaa juu ya tairi, nikalia. Mzee hakunibembeleza, si kawaida yake. Aliendelea kumenya nyaya.

"Tatizo la taa iliyokufa," alisema, "ni kwamba hakuna anayeiona. Ingekuwa imevunjika, huyo trafiki wako angelizuia gari palepale."

Alisema tu, kama watu wanavyosema. Mimi nikaacha kulia.

Kesho yake nikawafuata kama kawaida. Tulifika shuleni salama. Wazazi wamejaa, magari yamepangana, mlinzi anafungua geti, trafiki yuko mahali pake. Kiduchu akashuka na begi lake, akamkumbatia shangazi yake, akakimbia ndani. Nikasubiri mpaka begi lake likapotea kwenye kona ya darasa. Wifi akarudi kwenye usukani. Mbele yake geti, nyuma yake mimi. Nikajiambia, liwalo na liwe.

Nikakanyaga mafuta, nikaigonga taa ya kulia. Ikapasuka, vipande vyekundu vikatawanyika. Wifi akapiga ukelele ndani ya gari. Nikarudi nyuma, nikakata usukani, nikaigonga ya kushoto. Ile ya tatu, ya juu ya kioo cha nyuma, nilishuka nikaimaliza kwa spana ya magurudumu.

Wee! Watu walivyojaa! Wifi alitoka ameshika kichwa. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Nilisema huyu anataka kutuua, mkanibishia!"

Trafiki alikuja mbio, kofia mkononi. "Mama, umefanya nini?"

"Nimegonga," nikasema. "Kwa makusudi. Andika."

Akaandika. Kisha wifi, bado anatukana, akataka kupanda gari aondoke, na nikamwona trafiki akinyanyua mkono. "Wewe unakwenda wapi? Gari halina taa hili."

"Lakini yeye ndiye aliyezivunja!"

"Hata kama. Gari bila taa za breki haliingii barabarani. Utaua watu. Linavutwa."

Nilitaka kucheka. Naapa, kicheko kilikuwa kimefika kooni. Ndipo nikageuza kichwa nikamwona Kiduchu amesimama getini. Alikuwa amesahau chupa ya maji kwenye gari, akarudi kuifuata. Alikuwa anaitazama spana mkononi mwangu.

Niliitupa chini. "Mama," nikamwita, kama tunavyowaita mabinti zetu, "njoo." Alikuja mbio, nami nikainama na kufungua mikono. Akanipita. Alikwenda kumkumbatia shangazi yake kiunoni, akaficha uso. Alikuwa analia kwa sauti, "Mwambie aondoke! Mwambie aondoke!"

Wifi alimfunika kichwa kwa mikono yake yote miwili. Akamgeuza asinione.

Gari lilivutwa mpaka karakana kwetu, kwa kuwa taa za aina ile hazipatikani kwingine. Mimi sikuwapo, meneja alikuwa amekwisha kunifukuza kwa simu, simu yangu mwenyewe ya mapokezi. Koleo ndiye aliyenisimulia. Alifunga taa mpya, na bila kuulizwa na mtu akachomoa kile kiswichi akaweka kipya. Wifi alipofika kulichukua gari, mzee akamwonyesha kile cha zamani. Akakiunga kwenye betri na balbu: balbu ikawaka. Akakifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akakitumbukiza kwenye kikombe cha chai ya moto: balbu ikazima.

"Akasemaje?" nilimuuliza.

"Akasema kitu chochote ukikichemsha kinaharibika."

Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini dawa ilikuwa imeshaingia.

Baba Kiduchu alitimiza alichosema. Kule ustawi wa jamii walinisomea maelezo aliyoyaandika trafiki na mimi mwenyewe nikayatia saini: kwa makusudi. Nikaeleza habari za swichi, joto na baridi. Yule mama wa mezani alinisikiliza kwa upole, akaniuliza kama huwa nalala vizuri. Jumamosi na Jumapili zikaondoka, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo.

Jana asubuhi nilikwenda kwa miguu mpaka chini ya ule mteremko, pale barabara inapokutana na nyingine na lazima kila gari lisimame. Nikasimama pembeni. Gari jeupe likashuka, na nyuma yake, karibu kabisa, lori la mchanga. Likanipita. Wifi akakanyaga breki. Taa zikawaka, ya kulia, ya kushoto na ya juu ya kioo, nyekundu mpaka nikazisikia tumboni. Lori likaziona, likaguna, likasimama mbali.

Kiduchu aligeuka akaniona kupitia kioo cha nyuma. Nilimpungia mkono. Hakunipungia. Alinitazama, kisha akageukia mbele.

Wifi akashusha kioo, akatoa kichwa. "Bado tu unatufuata? Huna haya?"

"Sina," nikamjibu. "Usiachie breki kwanza, wifi. Ngoja nizitazame."

Akanisonya msonyo mrefu, akapandisha kioo. Barabara ilipofunguka aliinua mguu, taa zikazima kama zinavyotakiwa kuzima, akaondoka na mwanangu.