Pikipiki Isiyonyweshwa Maji

Mimi ni fundi, na fundi hafundishwi pikipiki. Hayo niliyasema mezani, mbele ya ugali na sato, mke wangu Modesta alipotangaza kwamba pikipiki ya pili haitaingia nyumbani kwetu mpaka baba yake aione.

"Baba yako anajua ng'ombe," nikamwambia.

"Na wewe unajua kuanguka," akajibu, akamega tonge.

Alisema kweli. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeingia mashindano ya klabu yetu na pikipiki ya nyumbani, ile nyekundu ambayo Modesta huiendesha kila asubuhi kutoka Mkuyuni kwenda kufundisha Usagara. Nyekundu ilikuwa na uvivu wake wa asubuhi, lakini ikishaamka ilikimbia. Kwenye kona ya tatu niliruka vizuri, nikatua vibaya, rimu ya mbele ikapinda. Wiki mbili nzima mwalimu wa watu alidandia malori ya dagaa, akiingia darasani ananuka ziwa. Hakunigombeza hata siku moja, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito. Alitoa sharti tu: nyekundu haishindani tena. Ama nipate ya pili kabla ya Pasaka, ama kuku wake atatagia ndani ya helmeti yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu tulivyozoea kuvisikia kwa wasimulizi sasa vilipangwa kando ya barabara: redio, majokofu, suruali za mtumba, na pikipiki za Kijapani zilizokwisha tumika huko kwao. Klabu yetu nayo ilizaliwa humo. Tulikuwa wanaume kumi na wanne, mafundi na wauza samaki na karani mmoja wa benki, tukishindana kuzunguka kilima nje ya mji kwa ajili ya kikombe cha bati na sifa. Sifa mimi nilizipenda kuliko chakula, nakiri.

Jumamosi baba mkwe, Mzee Chenge, akafika kutoka Misungwi na fimbo yake mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Haya, huyo mnyama yuko wapi?"

Mnyama! Nikameza hasira, nikampakia kwenye nyekundu, tukateremka Igogo kwa Paulo, muuza pikipiki aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Huko ndiko alikokuwa mpenzi wangu: pikipiki ya bluu, ndefu, madigadi ya nyuma imeinuka kama mkia wa jogoo. Nilikuwa nimeshaizuru mara nne. Paulo alituona kwa mbali, akawa amekwisha inua mguu apige kiki.

"Ngoja kwanza," mzee akasema. Akaizunguka polepole, akainama akatazama springi za mbele, ambazo yeye aliziita magoti. Kisha akaweka kiganja juu ya injini. "Imetoka wapi asubuhi hii?"

"Haijatoka popote, mzee wangu. Ilikuwa inawangoja nyie."

"Mbona ina joto?"

"Jua, mzee."

Pikipiki ilikuwa kivulini. Mzee akanigeukia. "Mnadani, muuzaji mjanja humlambisha ng'ombe chumvi usiku, asubuhi akamwachia maji anywe mpaka tumbo litune. Unanunua tumbo, kesho unafuga mbavu. Huyu kashanyweshwa maji. Tunywe chai, apoe."

Tukanywa chai. Tukanywa nyingine. Paulo akakumbuka kwamba ana msiba Mabatini, mzee akampa pole na kuomba kikombe cha tatu. Saa mbili zilipopita akanyoosha fimbo: "Sasa." Paulo akapiga kiki. Alipiga ya kwanza, ya tano, akavua miwani, na kwenye ya kumi na moja ndipo bluu ikakohoa na kuwaka.

Nilikasirika, na cha ajabu nilimkasirikia mzee. Injini yenye joto huficha maradhi; hilo nililijua kabla sijaota ndevu. Ila nilikuwa nimependa, na aliyependa hapimi joto la injini.

Jumapili alfajiri mzee akaniamsha. Alikuwa amesikia habari za mkunga mmoja mstaafu ng'ambo ya ziwa, Busisi, aitwaye Mama Tereza, anayeuza pikipiki kwa sababu macho yamekuwa mabaya. Tukapanda kivuko cha kwanza. Tuliikuta nje ya nyumba yake, umande umelala juu ya tangi: rangi ya tope, siti imeshonwa kwa uzi wa nyavu, nyuma ina kapu la chuma la kubebea vifaa. Mama Tereza, na kanga zake mbili, akapiga kiki moja. Ikawaka kimya kimya, kana kwamba ilikuwa macho muda wote.

"Watoto hawachagui saa ya kuzaliwa," akasema.

"Wabeja, mama," mzee akamshukuru kwa Kisukuma, na uso wake wote ukafunguka.

Nikamvuta pembeni. "Baba, hii itashindana na nani? Punda?"

"Nunua," akasema.

Pasaka ilikuwa imebaki wiki mbili, na nyumbani Modesta alikuwa amekwisha tia majani makavu ndani ya helmeti. Nikanunua. Nilirudi nayo mjini nimeinamisha kichwa, nikiomba nisikutane na mtu wa klabu. Nikakutana na Ally, bingwa wetu wa miaka mitatu, amekaa juu ya ile bluu. Alikuwa ameinunua jana yake jioni.

Jumatatu ya Pasaka tukajipanga kwenye mstari, injini zinanguruma, vumbi linapanda. Mwenyekiti wa klabu akachukua kipaza sauti. "Zimeni mashine, tumsikilize mgeni rasmi."

Mgeni rasmi alizungumzia uwekezaji. Alizungumzia usafi wa mitaro, wajibu wa vijana, na safari yake ya masomo ng'ambo. Dakika arobaini. Bendera iliposhuka, wanaume kumi na watatu walikuwa wakipiga kiki kama watu wanaocheza ngoma, na Ally alipiga mpaka kiatu kikamtoka. Mimi nilipiga moja. Nilizunguka nusu ya kilima peke yangu, na nilicheka ndani ya helmeti yenye majani mpaka machozi yakanitoka. Sijapata kuwa na furaha ile tena, labda siku ya harusi.

Mzunguko wa mwisho Ally akanipita, mguu mmoja peku. Bluu ilikuwa na mbio kweli. Nikawa wa pili, mimi ambaye sijawahi kupita wa nane, na bado kufika jioni nilikuwa nimenuna.

"Baba," nikasema tukinawa mikono, maana mzee alikuwa amekuja kula Pasaka nasi, "umenichagulia inayowaka, si inayokimbia. Bluu ingenipa kikombe."

Mzee Chenge akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani kakwambia nilikuwa nakuchagulia wewe?"

Modesta aliinamia bakuli. Nilimwona anajizuia asicheke.

Asubuhi yake, kabla ya jua, nikasikia kiki moja uani. Moja tu, kisha mlio unaoishia barabara ya Usagara. Nikangojea nyingine, kwa mazoea. Kila asubuhi kwa miaka minne nilikuwa nimelala nikiisikia nyekundu ikipigwa kiki saba, nane, tisa, na mke wangu akihema katikati, na mimi fundi, mwenye duka la ufundi na kibao cha rangi mbili, nikageukia ukutani nikavuta shuka. Baba mkwe aliwahi kulala kwetu usiku mmoja, kabla ya habari zote za bluu, akasikia asubuhi moja, ikamtosha.

Mezani palikuwa na helmeti, na ndani yake ufunguo wa nyekundu. Sasa ilikuwa yangu ya kushindania, kwa kuwa yeye alikuwa na ile ya rangi ya tope. Niliona aibu, aibu hasa, ya kushindwa hata kumwangalia mzee aliyekuwa akichokonoa meno mlangoni.

Nikatoka na spana, nikafungua kabureta kabla ya chai.