Daftari la Chumba cha Kufulia

Mlima wetu hauna kilele. Ni bonde zima: ziwa, mji na hospitali vimo ndani ya mdomo wa volkano iliyolipuka mara ya mwisho miaka laki mbili iliyopita. Kituo chetu kina kazi moja tu, kuisikiliza.

Jumatatu, kipimajoto cha chemchemi kilionyesha nyuzi sita zaidi ya kawaida. Kawaida yenyewe ilikuwa ya miaka miwili, umri wa kipimajoto. Mkuu wa kituo akashika kalamu kuagiza watu wote wahamishwe, hata wagonjwa wanaopumulia mashine.

"Wengine hawatafika," nilisema.

"Na ikilipuka?"

Ardhi haikuwa imeinuka. Mitetemeko haikuwepo. Lakini mimi ndiye mdogo kituoni, neno langu halina uzito. Nikampigia mama, mkuu wa wafuaji nguo hospitalini, anayetumia maji ya chemchemi hiyo hiyo.

Alikuja aproni imelowa, daftari kwapani. Kwa miaka kumi na tisa ameandika joto la maji kila asubuhi, maana yakizidi moto, doa la damu halitoki tena kwenye shuka.

"Mama, hapa ni mahali pa sayansi," fundi mitambo alimtania. "Sabuni umeiacha wapi?"

"Nimekuletea wewe, baba. Kola yako inaililia."

Tulicheka wote. Mama akafungua daftari. Kila mwaka wa ukame joto lilipanda nyuzi tano, sita, safari moja saba. Mvua iliporudi, lilishuka. Maji baridi ya ardhini yakipungua, ya moto hayana wa kuyapooza. Na mwaka huu tulikuwa na miezi saba bila tone.

Mkuu alifuata tarakimu kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaiweka kalamu chini.

"Kwa hiyo, mama, haitalipuka?"

"Sijasema hivyo, mwanangu. Iko hai. Siku moja huenda ikaamka, na siku hiyo hakuna anayeijua. Ninachosema, maji haya hayajaleta habari mpya."

Miaka mitatu ya diploma nilifundishwa kueleza jambo hilo, na sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Agizo likachanwa. Mkuu akaomba aazimwe daftari.

"Nakili hapa hapa nikikuona," mama alisema, akavuta kiti cha mkuu, akakaa.

Kwenye ripoti, penye chanzo cha takwimu, niliandika kwa herufi kubwa: MKUU WA WAFUAJI. Hakuna aliyethubutu kufuta.