Mvua ya Saa Moja Asubuhi

Mwaka huo mvua ilituchezea vibaya hapa Chepsaita. Ilinyesha Aprili tukapanda, kisha ikapotea, na kufikia Julai mahindi yangu yalikuwa yamekauka hadi ng'ombe akiyanusa anaondoka. Sikulia sana. Kikundi chetu cha wakulima ishirini na wanne, ambacho mimi Thuo nilikuwa mwenyekiti wake, kilikuwa kimekata bima ya ukame. Mvua ikikosekana, tunalipwa. Bila malipo hayo hakuna mbegu wala mbolea ya msimu ujao, na mimi, kwa mdomo wangu huu mpana, nilikuwa nimeshawaahidi watu kwamba pesa zinakuja.

Kampuni ilikuwa imetuletea kipima mvua, kidude cheupe juu ya mlingoti, kinachotuma vipimo chenyewe hadi ofisini Eldoret. Kikundi kiliamua kikae kwetu kwa sababu ya mke wangu Nyaguthii, ambaye usafi wake unajulikana hadi Turbo. Fundi alimwachia neno moja tu, kwamba kisiingie uchafu.

Mwezi wa nane akaja Lynette, ajenti wa bima, msichana mpole mwenye tableti. Akatueleza kwamba hatutalipwa. Kulingana na kipima mvua, Chepsaita ilikuwa imenyeshewa kila siku, saa moja asubuhi, isipokuwa siku nne za mwezi wa sita.

Watu walicheka, kisha wakanuna. Mbuthia, ambaye amekimezea mate kiti changu kwa miaka, akauliza kwa upole ni mvua gani hiyo inayojua saa. Nikamgeukia mke wangu, maana siku hizo nne alikuwa ameenda mazishi Nyeri. Hapo nikaelewa. Kila asubuhi, kwa ajili ya vumbi la kiangazi, alikuwa akipanda stuli na jagi la maji kukiosha kile kidude. Na maji nilikuwa nikiyabeba mimi kutoka mtoni, nikilalamika njia nzima.

Niliogopa, sitaficha. Nikaanza kueleza habari za ndege fulani wakubwa wa huku kwetu, wanaopenda kukaa juu ya milingoti asubuhi na kufanya haja zao. Lynette akaanza kuandika.

"Wacha hiyo maneno ya ndege, Baba Ciku," Nyaguthii akaniambia, akisimama. "Hiyo mvua ni mimi."

Akaleta jagi, akapanda stuli, akamimina. Tableti ikalia mikononi mwa Lynette: Chepsaita kunanyesha. Jua lilikuwa linatuchoma utosi.

Lynette akawafuta ndege wangu, akasema ataomba vipimo vya kituo jirani vitumike. Hakuahidi kitu. Nyaguthii akawaomba wanakikundi msamaha mmoja mmoja, kwa majina. Mimi nilisimama kando yake nikiona haya, kwa sababu yeye alikuwa amekosea tu, lakini mimi nilikuwa nimedanganya.

Malipo yalikuja Desemba, na baadaye tukafanya uchaguzi wa mwenyekiti. Mbuthia alipata kura mbili. Mimi nilipata moja, ya Nyaguthii. Yangu nilikuwa nimempa yeye, kama wengine wote.