Barua Tatu kwa Gashe Abegaz

Mimi ni mdaku, sikatai. Ofisini kwetu Gerji, hapa Addis, tunatengeneza tovuti, na kazi yangu ni kuwafuatilia watu wanaotuandikia barua pepe kuuliza habari kisha wakapotea. Wengi wakinyamaza nawaacha, maana mtu wa Addis hakwambii hapana usoni. Atakwambia sawa, kesho, na kesho hiyo utaingoja mpaka uote mvi. Lakini huyu Fikirte Abegaz alinikaa rohoni.

Aliandika hivi: "Baba yangu anatengeneza ngozi za mbuzi za kuandikia vitabu vya kanisa. Wateja wamekwisha. Anasema Mwaka Mpya ukifika atafunga karakana. Hasemi kama inamuuma, ila namsikia akikwangua ngozi ambayo hakuna aliyeiagiza. Nataka tovuti ndogo, nimpatie oda moja tu kabla hajafunga. Tafadhali, yeye asijue."

Mtu aliyeandika hayo hanyamazi bure. Mwezi mzima ulipita, mvua za Nehase, mwezi wa Agosti, zikipiga mabati, na Mwaka Mpya wetu wa Septemba ulikuwa umebaki wiki mbili. Bisrat, mwenye ofisi, aliniambia niachane naye, kwani mtambo ulikuwa umeshamwandikia mara tatu. Huo mtambo aliununua kwa watu wa ng'ambo. Unatuma barua za kujibu wenyewe, mimi nakabidhiwa wale wanaonyamaza baadaye. Nilimwomba nizione hizo barua. Alicheka, akauliza tangu lini nasoma barua za mashine.

Nilizisoma. "Mheshimiwa Abegaz," ilianza ya kwanza. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Chini ya kila barua maneno ya Fikirte yalikuwa yamenakiliwa yote, pamoja na lile la asijue.

Damu ilinipanda. Sisi hatuna jina la ukoo. Jina la pili ni la baba yako, na ukiliita, anayeitika ni baba mwenyewe. Mtoto mdogo anajua hilo, ila mtambo wa Bisrat haujui. Halafu nikaitazama anwani ya barua pepe: ilikuwa ya karakana, kwa jina la mzee. Bila shaka Fikirte ndiye aliyeifungua na ndiye anayeisoma, ila huenda iko pia kwenye simu ya mzee. Lakini ni mzee gani ataona jina lake kwenye simu yake, na uheshimiwa juu yake, asifungue?

"Bisrat," nikasema, "siri ya binti tumempelekea baba. Mara tatu."

Alishauri mtambo utume barua ya kuomba radhi. Nikamwambia huo mtambo ukae kimya, umeshasema vya kutosha. Jumamosi nikachukua mwavuli nikapanda mlima wa Entoto kuitafuta karakana.

Nilimkuta Gashe Abegaz, kama tunavyowaita wazee kwa heshima, ameketi karibu na jiko, mzee mrefu mwenye vidole vilivyokakamaa, na binti yake akikaanga kahawa. Nilipotaja ofisi yangu, Fikirte aliacha kutikisa kikaango. Mzee hata hakupepesa jicho. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaanza kuniuliza habari za mvua.

Fikirte alinifuata nilipokwenda kuuweka mwavuli mlangoni.

"Dada, hamkunijibu hata mara moja," akanong'ona. "Nikajua kazi yangu ni ndogo, mmeidharau. Leo ndiyo mnakuja, tena mbele yake?"

"Tulikujibu mara tatu."

"Kwa nani?"

Nikamwonyesha mzee kwa macho. Alielewa, akashika mwimo wa mlango. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na sikuwa na pa kuyaficha.

Tukarudi kuketi. Ningeondoka mara moja kama ningeweza, lakini kahawa ina vikombe vitatu, na ukiondoka kabla ya kile cha tatu, cha baraka, umewatukana wenyeji. Kikombe cha kwanza tulizungumzia bei ya mbuzi. Cha pili tulizungumzia barabara ya Entoto. Udaku wangu ulikuwa unanitafuna: je, mzee kazisoma barua au hakuzisoma? Na kama kazisoma, mbona hana hasira?

Alipopokea cha tatu ndipo akanigeukia.

"Mwanangu, aliyeniita mheshimiwa ni nani?"

"Ni mashine, Gashe. Nisamehe. Barua zilikuwa za Fikirte."

"Nilijua ni mashine. Hakuna mtu wa Addis atakayekuita mheshimiwa mara tatu bila kukuomba kitu." Akanywa kidogo. "Ila maneno yaliyokuwa chini hayakuandikwa na mashine."

Fikirte alikuwa amejiinamia. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mbona hukuniambia umeyasoma?"

"Uliandika nisijue. Nikatii, nikazifuta zile barua usijue nimezisoma. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Binti akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikajifanya nakoroga kahawa ambayo ilikuwa imekwisha. Mzee akainuka, akaleta kutoka nyuma ya jiko fremu ya mbao yenye ngozi iliyowambwa kwa kamba. Alikuwa ameiweka ndani kwa sababu ya mvua. Nusu yake ilikuwa nyeupe, laini, imekwisha. Nusu nyingine bado ilikuwa na manyoya.

"Ulitaka niletewe oda moja kabla sijafunga," akamwambia Fikirte. "Hii hapa. Mwagizaji ni mimi. Nusu yangu nimemaliza tangu barua ya pili."

"Na hii nyingine?"

Akampa kisu kilichopinda. "Miaka yote umekaa ukinisikiliza nikikwangua. Hujawahi kuomba kisu, nami sikuwahi kukupa. Mimi ninafunga kwa sababu sina wa kumwachia, si kwa sababu ya wateja."

Fikirte alipiga magoti mbele ya fremu. Akakwangua mara moja kwa woga, mara ya pili kwa nguvu, na mara ya tatu kisu kikatoboa ngozi, pakawa na tundu linalopitisha kidole. Akamtazama baba yake kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe.

Mzee aliinama, akalipima tundu kwa kidole gumba.

"Langu la kwanza lilikuwa kubwa kuliko hili," akasema. "Endelea."

Mwaka Mpya ulipofika karakana ilikuwa wazi, na Bisrat alikuwa anatengeneza tovuti ya karakana. Alitaka kufuta alama moja kwenye picha ya kwanza, ya ile ngozi ya fremu, akidhani ni kasoro. Nilimkataza. Ukiifungua tovuti leo utaliona lile tundu, katikati ya ngozi, na juu yake majina mawili: Abegaz, na Fikirte.