Kompyuta Iliyovundikwa

Mwanangu Flavia ni fundi wa kompyuta mjini Moshi, na asiyejua hilo ni kwa sababu hajakutana nami. Nikiwa sokoni na ndizi zangu, mteja akitoa simu yenye kioo kilichopasuka namwambia ampelekee Flavia. Akisema Flavia hatengenezi simu, ni kompyuta tu, namwambia basi anunue kompyuta.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria moyo wangu ulivyokuwa mwezi wa saba, alipopanda nyumbani Kilema, huku kwetu mlimani, akiwa na kompyuta ile ile kwa mara ya tatu.

Ilikuwa ya Heena, mama mwenye studio ya video za harusi karibu na soko kuu. Flavia alikuwa ametoka kwenye duka la watu na kufungua meza yake mwenyewe, na Heena ndiye mteja wake mkubwa wa kwanza. Watu wa studio mjini wanaulizana mafundi kama sisi tunavyoulizana ng'ombe wa maziwa. Heena akisema huyu anafaa, kazi ipo. Akisema hafai, ufunge meza urudi kupalilia kahawa.

Ugonjwa wa kompyuta ulikuwa huu: Heena akiwa katikati ya kuunganisha video, skrini inageuka bluu na mashine inazima. Harusi ya watu ilikatika bibi harusi akiwa amefungua mdomo kusema ndiyo. Flavia alishuku kumbukumbu, zile kadi nyembamba ndani ya mashine ambazo mafundi wanaziita RAM. Ana programu yake ya kuzipima, iko kwenye flashi. Anaiwasha, inaandika vitu kwenye kadi kisha inavisoma, inaandika tena, inasoma tena, kuona kama kadi inarudisha kile kile ilichopewa. Kazi hiyo ni ya saa nyingi, ndiyo maana huwa anakuja nayo nyumbani, inapimwa sebuleni sisi tukiendelea na maisha yetu.

Mara ya kwanza haikuonyesha kosa lolote. Akairudisha mjini, siku ya pili ikazima. Mara ya pili vilevile. Safari hii Heena alimpigia simu nikiwa nimekaa pembeni, na sauti yake niliisikia vizuri.

"Flavia, kwako inapona, kwangu inakufa. Kwa hiyo mimi ndiye mgonjwa? Ijumaa nampa fundi wa Arusha."

Mwanangu akajibu kwa heshima, akakata simu, akakaa. Niliumia, sitaficha. Nikataka kumpigia yule mama nimwambie mawili matatu, lakini namba sikuwa nayo.

Shemeji yangu Theodory alikuwepo, amekuja kuulizia maandalizi ya kipaimara cha mjukuu wangu. Theodory hana kazi maalumu ila ana ushauri wa kila kazi.

"Mwambie ni umeme," alisema. "Umeme wa mjini unapanda na kushuka, kila mtu anajua. Nani atakubishia?"

Na mimi nikaona ni neno. "Mwanangu, sema ni umeme. Mashine hapa nyumbani si imepita?"

Flavia alikuwa ameweka kiganja juu ya bati la kompyuta. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, mimi mwenyewe nimevaa sweta mbili.

"Mama, ni ya baridi," alisema.

"Kila kitu hapa ni cha baridi. Ni mwezi wa saba."

"Chumba cha Heena kiko juu kabisa, chini ya bati, na madirisha hafungui kwa sababu ya vumbi. Na mashine haijawahi kumzimia asubuhi. Ni mchana tu, jua likiwaka na chumba kikipata joto." Akanigeukia na ile sura yake ya tangu utotoni, ya kutaka kitu, akaniita mama kwa Kichagga. "Mae, naomba kile kistoo chako."

Hapo niwaeleze. Nyuma ya jiko langu la kuni kuna kistoo ambacho ukuta wake mmoja unapata moto wa mafiga. Ndimo ninamovundikia ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, nikizifunika majani makavu na blanketi zito ili ziive pamoja. Wakati huo zilikuwamo za kipaimara. Ukizitoa kwenye joto zikiwa nusu, zinagoma. Mume wangu Basili mwenyewe haingii kule bila kuniuliza.

Nikatoa ndizi. Nikatoa na blanketi. Theodory alinitazama kama nimeuza shamba.

Flavia akaiweka kompyuta mle, akaifunika blanketi, akaacha upenyo mdogo ili isije ikaungua, akaanzisha programu yake. Mimi nikaongeza kuni. Tukawa tunaivundika kompyuta, mtu na mwanawe. Mara kwa mara aliingiza mkono chini ya blanketi kupima joto, vilevile ninavyofanya mimi kwa ndizi.

Ugali ulikuwa haujaiva nilipomsikia akiniita. Kwenye skrini, katikati ya maandishi yake, palikuwa na mstari mwekundu. Ukaja wa pili. Kisha ikafululiza, myekundu mitupu.

"Hiyo ndiyo mbaya?" niliuliza.

"Hiyo ndiyo nzuri, Mama. Nimeikamata."

Lakini hakuishia hapo, maana huyu simjui kwa kulipua kazi. Kadi zilikuwa mbili. Akatoa moja, akapima iliyobaki: safi. Akabadilisha: nyekundu. Kisha akaihamisha ile mbovu kwenye nafasi ya mwenzake, asije akaisingizia kadi kumbe nafasi ndiyo mbovu. Wekundu ukaifuata kadi. Basi ikajulikana, nami nikaanza kucheka. Yeye hakucheka.

"Hii ndiyo niliyomwekea mimi," alisema. "Mwezi wa nne alitaka aongezewe kumbukumbu. Nilimuuzia mimi, na niliipima asubuhi mezani kwangu, ikiwa ya baridi."

Theodory akaona mlango umefunguka. "Sasa si ubadilishe kimya kimya. Weka nyingine, sema ni umeme. Mashine itapona, jina lako litapona."

Mimi nikajifanya naongeza kuni. Kusema kweli niliomba moyoni amsikilize. Jina la fundi mpya ni kitu chepesi, na ni mwanangu.

Flavia akachukua simu. "Dada Heena, nimeupata ugonjwa. Naomba upande Kilema uuone kwa macho yako kabla sijaugusa."

Heena alikuja kesho yake na gari lake dogo, limejaa tope mpaka kwenye vioo. Alinisalimia, "Shikamoo mama," nikaitika kwa ufupi. Flavia akamwingiza kistooni, akamwonyesha kadi nzuri ikipita na mbovu ikitoa wekundu chini ya blanketi. Kisha akamwambia wazi: kadi hii ni yangu, niliiweka mimi, kosa ni langu.

Yule mama akatazama skrini. Moshi wa kuni ulikuwa unamtoa machozi, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, wala sijui nilitaka kuufanyia nini.

"Miaka yote hii," alisema Heena, "kila fundi ananiambia ni umeme. Nimenunua stabilaiza mbili. Wewe ndiye fundi wa kwanza kuniambia kosa ni lako." Akageuka mlangoni. "Weka nyingine. Na zile mashine zangu mbili zilizobaki, nazo utazipima hivi hivi."

Nikamwambia mama kaa, unywe mtori wa ndizi. Nilikuwa nalia, na haukuwa moshi.

Heena akaahidi kuja kupiga video ya kipaimara, na akaja kweli. Siku hiyo mbege ilikuwa kidogo. Ndizi ziligoma kuiva, kama nilivyojua. Theodory akapewa kata nusu, akasimama mbele za wageni kuuliza ni sherehe gani ya Wachagga inayokosa mbege.

Nikasimama na mimi. "Shemeji, blanketi la ndizi lilikuwa kazini. Lilikuwa linatafuta kile ulichotaka tukiite umeme. Mwanangu alikataa, na mimi mama yake najivunia. Kunywa hiyo nusu."

Akanywa. Maneno hayo yote yamo kwenye video, maana kamera ya Heena ilikuwa imenielekea. Aliihariri kwenye kompyuta ile ile, mchana wa jua kali, madirisha yamefungwa. Nimeitazama mara nyingi, na haikatiki mahali popote.