Karatasi ya Mwisho Karibu na Mlango

Jicho alibandika stika nyekundu katikati kabisa ya picha ya mti, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikashika. Raha aliyoisikia! Miaka yote alikuwa akibandika nyekundu kwenye mashuka yenye doa au uzi uliokatika, nayo yakitupwa kwenye kapu la yaliyokataliwa. Leo alikuwa anaukataa upuuzi wa wakubwa, mbele ya macho yao, na wao wanamchekea.

"Na hapa," alimnong'oneza mkaguzi mwenzake. "Chupa za plastiki za ofisini. Piga nyekundu."

"Na hii ya taa?"

"Piga! Nani anakohoa kwa sababu ya taa?"

Walikuwa kwenye ukumbi wa mikutano wa kiwanda, wenye kiyoyozi na mazulia, ambao wafanyakazi walizoea kuuona kupitia kioo tu. Kampuni ilitaka kujua, kati ya mambo yote ya mazingira na ya watu, ni lipi lenye umuhimu kuliko mengine, maana hilo ndilo litakalopewa fedha za mwaka. Kwa hiyo wameitwa wadau. Jana walikuwa vibarua, leo wadau, kesho Mungu ndiye ajuaye. Mshauri aliyekodiwa, mwanamke wa viatu virefu na sauti ya kubembelezea watoto, aliongea weee, mshale huu unakwenda huku, duara hili linaingia kwenye lile, mpaka watu wakawa wanapiga miayo kwa zamu. Mwisho akagawa stika nyekundu, za kubandika kwenye karatasi zilizopangwa ukutani, kila jambo na karatasi yake.

"Zitumieni kutuonyesha msimamo wenu," alisema. "Maelezo yote yapo kwenye skrini."

Yalikuwepo kweli, kwa herufi za kutafutwa kwa tochi, nyuma ya kichwa kikubwa cha mkurugenzi. Jicho hakujisumbua kuyasoma. Jina hilo alipewa kwa sababu shuka bovu halimpiti, na kama kuna kitu hakuhitaji kufundishwa hapa duniani, ni kazi ya stika nyekundu.

Lililomleta ni karatasi moja tu, ya mwisho karibu na mlango, isiyo hata na picha: Hewa ya Chumba cha Rangi. Mdogo wake alishinda humo kila siku, kwenye mvuke unaowasha macho, chini ya feni zilizokufa zamani na kuachiwa buibui. Alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari alimwambia ama hewa isafishwe, ama atoke humo. Kutoka maana yake ni kukosa kazi, na watoto wake hawashibi ushauri wa daktari. Ndiyo maana Jicho alizunguka tangu asubuhi akiwapanga wenzake: nyekundu kwingine kote, karatasi ya mlangoni isiguswe.

Haikuguswa. Ilibaki safi, na Jicho aliitazama kwa fahari kabisa.

Mkuu wa ubora, yule aliyewafundisha wote kubandika nyekundu, alikuwa amesimama kwenye meza ya chai. Aliutazama ukuta, akamtazama Jicho, pembe za mdomo zikamcheza. Kisha akachovya biskuti yake.

"Jamani, sijawahi kuona!" mshauri alipaza sauti. "Wadau wameongea kwa kauli moja. Miti imeshika namba moja! Hewa ya chumba cha rangi haikupata hata stika moja."

Mkurugenzi akapiga makofi. "Mnaona? Sisi tukidhani hawa wanawaza tumbo tu. Kumbe wanaipenda dunia!"

Jicho alisogea mbele.

"Samahani, dada. Hizo nyekundu ni za kukataa. Miti tumeikataa. Tunataka feni."

Meza ya mbele ikacheka, kicheko cha watu walioshiba.

"Kwenye zoezi letu nyekundu ni kipaumbele, mama," mshauri alisema.

"Basi turudie."

"Zoezi limeshafungwa. Picha ya ukuta nimeshaituma makao makuu."

Jicho akamgeukia mkuu wa ubora. "Bosi, si wewe uliyetufundisha? Waambie basi."

"Ile ni ya mashuka, Jicho. Hapa ni mambo mengine."

"Ulituona tunabandika!"

"Niliwaona," alijibu, akipangusa makombo kwenye tai. "Mlikuwa na furaha. Nikaona nisiwaharibie."

Alikuwa anajua, firauni yule. Jicho alimchukia, akamchukia mshauri na viatu vyake, akakichukia hata kile kiyoyozi kilichokuwa kinampuliza shingoni kama vile hakuna kilichotokea.

Mdogo wake alikuwa anamsubiri getini. "Dada, tumepata?"

"Nimekumaliza kwa mkono wangu mwenyewe, mdogo wangu," Jicho alisema, akamweleza yote. Mdogo wake alicheka kwanza, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Kicheko kikageuka kikohozi, na Jicho akamshika mgongo.

Wiki iliyofuata miche ililetwa kwa lori. Mkurugenzi alitaka mtu wa chumba cha rangi aonekane kwenye picha, ili ijulikane kuwa wao wenyewe ndio walioomba. Wakamtoa mdogo wake Jicho, sare ikiwa bado imelowa mvuke, wakamkabidhi mche na kumsimamisha kati ya mkurugenzi na mshauri. Jicho alikuwa anaangalia kutoka dirisha la ukaguzi.

"Dada, bana kikohozi kidogo tu," mpiga picha alisema. "Unatikisa mche."

Akabana. Mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakajaa maji, na majani yakatulia. Mpiga picha akarudi nyuma hatua, akainama, akaanza kutafuta mwanga mzuri.