Baruti na Kikombe cha Mgeni

Nyumba ile ilikuwa na vikombe vya aina mbili. Vya kwanza vilikaa kwenye kabati la kioo, vyeupe, vyenye ukingo wa dhahabu, na havikutoka humo ila kwa ajili ya wageni. Vya pili vilikuwa vya bati, rangi imebanduka, kimoja kimekatika mkono, na wenye nyumba walinywea hivyo kila siku ya Mungu. Ukipewa kikombe cha dhahabu umeheshimiwa, hilo halina ubishi. Lakini ukipewa leo, na wiki ijayo, na mwezi ujao, lazima ufike mahali ujiulize wenzako wanakuonaje.

Mke wa kitinda mimba wa nyumba ile alikuwa amefika mahali hapo. Aliolewa mvua zikianza, mvua zikaisha, kiangazi kikapita, na kikombe chake bado kilikuwa cha dhahabu. Walimwita Baruti. Jina hilo alipewa na wifi yake siku ya kwanza kabisa, kwa sababu ya kazi yake: alikuwa mlipuaji kwenye machimbo ya mawe. Yeye na wenzake walitoboa mwamba, wakajaza baruti kwenye matundu, na jabali likashuka pale walipotaka lishuke. Alilipenda jina lile. Alidhani mtu akishakupa jina la utani, amekwisha kukupa na nafasi.

Wapi. Nafasi katika nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulipita kwenye televisheni.

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, familia ilikaa sebuleni kucheza. Mchezo ulikuwa wa ngome mbili na mto katikati. Kila upande una askari wake na bendera yake, na atakayeishusha bendera ya mwenzake ndiye mshindi. Humo njiani kuna masanduku, na ndani ya masanduku kuna vitu vya kulipuka: mabomu ya mkono, mabomu ya kutega yanayongoja unyayo, na kubwa kuliko yote, pipa la baruti. Pipa unaliweka, unachagua urefu wa utambi, unawasha, unakimbia. Likilipuka haliulizi huyu ni wa nani. Na likiwa karibu na pipa jingine, yote mawili yanakwenda pamoja. Ila adui akiliwahi na ndoo ya maji kabla utambi haujaisha, analizima, na pipa linakuwa lake.

Waliozaliwa humo walicheza upande mmoja, nao walibanana kwenye kochi kuukuu lenye spring iliyochomoza. Waliooa na kuolewa humo walicheza upande wa pili, wakiwa wamekaa kwenye viti viwili vizuri vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kule karibu na mlango. Sheria ya mama mkwe, mwenye nyumba, ilikuwa fupi: mkuja atahamia kwenye kochi siku upande wake utakaposhinda. Mpaka siku hiyo, yeye ni mgeni, na mgeni haoshi chombo.

Wengine wangeshukuru. Baruti aliponea chupuchupu kulia siku alipoelezwa. Wazazi wake walitangulia mapema, akalelewa kwa shangazi, kisha kwa mama mdogo, kisha kwa mjomba. Kote alipokelewa vizuri, wala hakuna aliyemnyanyasa. Ila kote alipewa sahani nzuri, na kote aliposhika ufagio aliambiwa, "Acha, mwanangu, usijisumbue." Alikuwa amechoka kutojisumbua. Alitaka nyumba moja tu ambayo angetumwa dukani kwa kelele.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyecheza vibaya kama yeye. Mlipuaji mzima, mwenye cheti na kofia ngumu, anashindwa kulipua pipa la kwenye televisheni. Kosa lake lilikuwa moja na alilibeba kutoka kazini. Machimboni huwashi kitu mpaka watu wote wametoka. King'ora kinalia, watu wanarudi nyuma ya kilima, unahakikisha, ndipo unawasha, tena kwa utambi mrefu. Na mlipuko ukishapita, hakuna anayeingia mpaka moshi uishe, maana huenda kuna kilichochelewa. Baruti alilifanya hilo hilo kwenye mchezo, bila hata kufikiri. Askari wake wakianza tu kurudi nyuma kwa mstari mmoja, wifi yake anajua mara moja pipa liko wapi.

Wifi huyo waliyemwita Dada Mkubwa alikuwa fundi cherehani, na alicheza kama anavyokata kitambaa, hapotezi hata kipande. Alituma mtu mmoja na ndoo, akazima utambi, akalibeba pipa hadi kwake, akalipanga nyuma ya lango la ngome yake pamoja na mapipa mengine. Kulitumia hakulitumia.

"Unayaweka ya nini yote hayo, dada?" mdogo wake, yaani mume wa Baruti, alimwuliza siku moja.

"Akiba haiozi," alisema Dada Mkubwa. "Asante, wifi. Wiki ijayo niletee jingine."

Kana kwamba hayo hayatoshi, Baruti alikuwa na mwenzake upande wa wakuja: mume wa dada wa pili, ambaye mke wake ni muuguzi na Jumapili huwa zamu. Walimwita Balozi, kwa jinsi alivyokalia kile kiti. Balozi alitupa mabomu ya mkono mtoni, akidai anavua samaki. Mabomu ya kutega aliyatega mbele ya mlango wa ngome yao wenyewe, kisha akasahau. Baruti alidhani shemeji yake hana bahati. Kisha Jumapili moja, kabla mchezo haujaanza, alipeleka kikombe chake jikoni akioshe, Dada Mkubwa akampokonya kwa adabu zote, akisema, "Acha, wifi, utachafua nguo." Baruti akatoka nje kwenye baraza ya nyuma kumeza uchungu wake, na akamkuta Balozi amenyoosha miguu, kikombe cha dhahabu juu ya goti.

"Shemeji," Baruti alisema, "wewe hushindwi. Wewe unajishindisha."

Balozi alikunywa funda moja. "Tukishinda leo," alisema, "kesho mimi naosha masufuria. Umeyaona masufuria ya nyumba hii?"

"Nimeyaona kwa mbali. Hawaniruhusu kuyakaribia."

"Basi hujui neema uliyo nayo."

Baruti hakumkasirikia. Alimweleza tu, kwa maneno machache, habari za shangazi, na za mama mdogo, na za mjomba, na za sahani nzuri. Balozi alikitazama kikombe chake muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili kutazamwa.

"Sitakusaidia," alisema mwishowe. "Mimi si mnafiki, raha yangu naipenda. Lakini leo sitakuharibia."

Kwa Balozi, hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

Mchezo ulianza kama kawaida, yaani vibaya. Dada Mkubwa aliteka daraja mapema. Mapipa mawili ya Baruti yalizimwa na kwenda kuongeza ile akiba nyuma ya lango. Askari wake walipukutika mpaka akabaki na mmoja, na kwenye sanduku la mwisho kabisa askari huyo akaokota pipa. Balozi, kwa kuwa ameahidi, aliwasimamisha watu wake kando ya mto, wakatulia kama watu waliokwenda kuotea samaki. Hapo maadui wote wakawageukia wao, na yule mtu mmoja wa Baruti akapita kichakani bila kuonekana hadi kwenye lango la Dada Mkubwa. Akaliweka pipa chini.

Sasa ilibidi apige hesabu. Akichagua utambi mfupi, pipa litalipuka kabla halijazimwa, lakini askari wake atakufa nalo, na hana mwingine wa kuchukua bendera. Akichagua mrefu, watakuja na ndoo kama siku zote. Mikono yake ilichagua mrefu. Miaka ya kazi haibishaniwi. Akamrudisha mtu wake nyuma ya kichaka, na hapo ndipo alipowaona: langoni palijaa askari wa wifi yake, na wa mumewe pia, wamerudi kutoka mtoni. Na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Wifi," alisema, "toa watu wako pale langoni. Nimewasha."

Wote wakamgeukia. Hata mama mkwe, aliyekuwa akishona kifungo kwenye kona yake, aliinua macho. Katika nyumba ile watu walikuwa wamedanganyana, wamevizia, wamekatiana hadi umeme, lakini hakuna aliyewahi kumwonya adui.

Dada Mkubwa alicheka. "Kumbe na wewe unajifunza. Unataka nikimbie, nikuachie lango wazi, huyo mtu wako aingie matembezini. Thubutu." Akawaita askari wake wote ndani, akawapanga sako kwa bako nyuma ya lango, mgongoni mwao ile akiba yake ya mapipa. Kisha akafunga lango kwa komeo.

"Dada, mimi wangu natoa," mumewe Baruti alisema.

"Unamwamini?"

"Huyu? Hajawahi kuniambia nalipua asilipue." Na kweli akawatoa watu wake kwa mlango wa uani, mbio, hadi mbali kabisa.

Dada Mkubwa alimwona mdogo wake kuwa bwege aliyetawaliwa na mkewe, na alisema hivyo kwa sauti. Ila sasa lango lilikuwa limefungwa kwa ndani, na hakukuwa na mtu wa kutoka na ndoo. Utambi mrefu ukaungua taratibu, wote wakiutazama, mpaka ukaisha.

Pipa la Baruti lilibomoa lango. Kisha yakaitika mapipa ya akiba, moja baada ya jingine, yote aliyonyang'anywa tangu aolewe. Ukuta ukaenda. Mnara ukaenda. Askari wa Dada Mkubwa wakaenda wote kwa pamoja, na televisheni ikajaa moshi kutoka pembe hadi pembe. Ni kweli akiba haiozi. Haikusemwa popote kwamba hailipuki.

"Ingia, shemeji," Balozi alisema. Alikuwa amesimama, kikombe amekisahau chini. "Bendera ile pale, ingia."

"Moshi haujaisha."

"Huu si mgodi, mama. Mumeo anarudi, atakuwahi."

Na kweli askari wa mumewe walikuwa wanakuja mbio kuilinda bendera, wakapenya ndani ya moshi bila kusita. Baruti hakumtoa mtu wake kichakani. Ndani ya moshi pipa moja la mwisho, lililokuwa limechelewa, likalipuka.

Moshi ulipoisha hapakuwa na mtu. Askari mmoja alitoka kichakani, akatembea bila haraka katikati ya kifusi, akaishusha bendera.

"Lile la mwisho mbona hukuniambia?" mumewe aliuliza.

"Kila siku ninakuambia. Nikirudi kazini nakuambia, usiingie moshi haujaisha. Wewe unakula tu."

Mama mkwe alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Dada Mkubwa hakucheka. Alikuwa ameiweka rimoti ya kuchezea mapajani, akimtazama wifi yake kama anayepima kitambaa asichokijua.

"Ulinionya," alisema.

"Nilikuonya."

"Kwa nini? Mchezo wenyewe ndio huu, na kiti hicho umekichoka, usidhani sijui. Ungenyamaza."

Baruti akamgeukia. "Adui hapigiwi king'ora, wifi. King'ora ni cha watu wako."

Dada Mkubwa aliinama, akaanza kuokota nyuzi kwenye sketi yake ambayo haikuwa na nyuzi. Kisha akainuka, akachukua kikombe cha dhahabu kutoka kwenye meza ya Baruti, akaenda nacho jikoni. Zikasikika kelele za vyombo. Aliporudi alikuwa na kikombe cha bati, kile kilichokatika mkono.

"Hiki kinaunguza vidole," alisema. "Hatuna kingine. Na chai sikumiminii, birika liko jikoni, miguu unayo." Akageuka upande wa pili. "Na wewe Balozi, mgeni siku mbili. Hesabu yako imepitiliza. Jembe lako ni lile sufuria kubwa."

Balozi alimtazama Baruti kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa, akakunja mikono ya shati.

Baruti alikwenda jikoni, akajimiminia, akarudi. Kwenye kochi walikuwa wamemwachia nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa juu ya ile spring. Akakaa hapo hapo, amebanwa kati ya mumewe na wifi yake.

"Baruti," Dada Mkubwa aliita, kwa sauti ya juu kana kwamba yuko nyumba ya tatu, "sukari imeisha. Ukimaliza chai nenda dukani."

"Naenda, dada," alisema Baruti. Kikombe kilimuunguza vidole kweli, naye hakukiweka chini.